Mzee anasaini ila hajui anasaini nini: wakili unagonga mhuri au unakataa?

#1 mwanasheria_mchanga

Wakuu salaam. Naomba mawazo, hasa ya mawakili na madaktari mliomo humu.

Juzi ofisini kwetu (Dar, mtaa sitaji) iliingia familia na mzee wao. Mkataba wa mauziano ya nyumba umeshachapwa, bei imeshajazwa, mnunuzi yupo na mkoba wake mapajani. Kilichobaki ni sahihi ya mzee na mhuri wetu. Mzee katoka vizuri, kanzu safi na koti juu, salamu anaitikia kwa bashasha. Nikamuuliza, "Mzee wangu, leo tumekuja kufanya nini hapa?" Akajibu bila kusita: "Uhakiki wa pensheni."

Kijana wake akadakia: "Amechoka tu, wakili, hajala tangu asubuhi." Nikamuuliza mzee kuhusu nyumba. Akasema nyumba ipo, ndio kwanza anapandisha ukuta. Nyumba yenyewe ina wapangaji tangu enzi za Mwinyi.

Sijakaa sawa, binti mmoja kashamshika mkono, kamchovya dole gumba kwenye wino na anamwelekeza kwenye mstari. Mzee hakugoma. Alikuwa anaangalia feni.

Nikasimamisha shughuli. Nikawaambia warudi siku nyingine asubuhi, mzee awe amekula, na wakiweza waje na barua ya daktari. Walipotoka bosi akaniita pembeni: "Wewe ni kamishna wa viapo au daktari wa Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili? Kazi yetu ni kuthibitisha kwamba aliyesaini ndiye yeye. Sasa wateja wameenda kwa jirani."

Swali langu: mhuri wangu unathibitisha nini? Sahihi peke yake, au na akili ya mwenye sahihi?

#2 Kiguu_na_njia

Unathibitisha elfu ishirini mkuu. Mengine mbwembwe.

#3 Mzee_wa_Mhuri

Kijana, bosi wako yuko sahihi, ila kakusemesha vibaya.

Soma Sheria ya Notari (wathibitishaji wa hati) na Makamishna wa Viapo, Sura ya 12, kifungu cha 8. Unatakiwa uweke jina lako, useme kweli ni wapi na tarehe ngapi kiapo kimechukuliwa. Kwenye hati zenyewe tunaongeza kwamba huyu mtu namfahamu mwenyewe, au ametambulishwa kwangu na fulani ambaye namfahamu. Hakuna mstari unaosema "nami nimempima akili nikamkuta mzima". Mahakama ikitaka kujua kama mzee alikuwa na akili timamu, itamwita daktari, itawaita watoto, itamwita na mnunuzi. Ukianza kupima akili, kesho utakataa mtu kwa sababu hujapenda anavyojibu.

Mimi nimegonga mhuri kabla wengi wenu hamjazaliwa. Wazee wanasahau. Mimi mwenyewe nasahau miwani kichwani.

#4 Karani_wa_Masjala

Mzee wa Mhuri #3, kwa kifungu cha 8 hakuna ubishi. Ila umesoma sheria ya mhuri ukaiacha sheria ya karatasi iliyo chini ya mhuri.

Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 11, inasema wenye uwezo wa kuingia mkataba ni waliofikia umri na wenye akili timamu. Cha 12 kinaeleza akili timamu ni nini: awe anauelewa mkataba, na awe anaweza kupima kwa busara utamgusaje yeye na maslahi yake. Kifungu hichohicho kinasema ambaye kwa kawaida hana akili timamu lakini huwa zinamrudia, anaweza kuingia mkataba wakati zimerudi. Na mzima ambaye zinamtoka mara mojamoja, hawezi wakati zimemtoka.

Kwa hiyo swali la sheria ni moja tu: alikuwaje saa ile. Na saa ile nani alikuwa mbele yake? Ni wewe mwenye mhuri. Mimi nipo masjala, mafaili nayaona yanavyopita. Kesi ikiiva, wa kwanza kuitwa kizimbani kama shahidi ni wakili aliyeshuhudia. Anaulizwa alivaa nini, alisema nini, nani alikuwa chumbani. Wengi wanajibu "sikumbuki, kwa siku nahudumia watu wengi." Jibu hilo linaangusha mkataba kuliko barua yoyote ya daktari.

#5 mama_Chanika

Mnazunguka tu. Shida sio akili ya mzee, shida ni njaa ya watoto. Mzee akiwa na akili zake wanamwogopa. Zikianza kuyumba wanakuwa wapole ghafla, wanamfulia na kanzu.

#6 Kiguu_na_njia

#5 umeua. Kanzu safi ndio dalili ya kwanza ya ugonjwa 😂

#7 daktari_wa_zamu

Habari zenu. Naongea kama daktari, sio mwanasheria.

Kwanza ile barua ya "ana akili timamu" ambayo mawakili mnatutumia wagonjwa tuwaandikie. Inatutesa. Mtu anakuja foleni ya wagonjwa wa nje na ndugu wawili, anataka karatasi yenye mhuri leo hii. Akili timamu kwa ajili ya nini? Mtu anaweza kushindwa kuelewa mkataba wa mkopo wenye riba na dhamana, na bado akajua vizuri kabisa kwamba anataka shamba lake apewe mjukuu aliyemuuguza. Ukiniandikia "naomba uthibitishe kama ana akili", nitakuandikia kwamba anajitambua, yupo macho, anajua jina lake. Halafu wewe utaisoma kama kibali cha kuuza nyumba.

Ukitaka barua inayosaidia, niandikie anachokwenda kukifanya: anauza nyumba fulani, kwa bei fulani, anamuuzia nani. Hapo nitamuuliza kuhusu hilo, na majibu yake nitayaandika kwa maneno yake.

Pili, wazee hawachanganyikiwi kwa sababu moja. Sukari ikishuka mtu anaongea hovyo, ukimpa chai ya sukari nusu saa baadaye anakucheka. Maambukizi ya njia ya mkojo kwa mtu wa miaka themanini yanaweza kumfanya aone watu ukutani, na akimaliza dawa mara nyingi anarudi kama alivyokuwa. Yupo aliyetoka kwenye operesheni. Yupo wa dawa za usingizi. Hao wengi wao wanarudi. Mwenye ugonjwa wa kusahau wa polepole ni suala jingine, na hata huyo asubuhi mara nyingi ana nafuu, jioni anachafukwa.

Kwa hiyo #1 kumwambia arudi asubuhi akiwa amekula lilikuwa jambo la maana kuliko ile barua uliyoagiza. Kijana aliyesema "hajala" huenda alikuwa anasema kweli.

#8 mwanasheria_mchanga

Daktari #7 asante sana. Hilo la kumwandikia daktari jambo lenyewe sikuwahi kulisikia chuoni.

Ila basi swali linabaki. Kama alikuwa na njaa tu, familia nimeikosesha mauziano. Kama ni ugonjwa wa kusahau, nimewaelekeza saa nzuri ya kuja kumvizia.

#9 binti_wa_Pangani

Naomba na upande wa pili usikike, maana humu kila mtoto anayempeleka mzazi kwa wakili keshaonekana mwizi.

Baba yangu alipata kiharusi. Upande wa kulia ukafa, maneno yakapotea. Akitaka maji anasema "ndizi", anajisikia kasema "ndizi", anakasirika machozi yanamtoka. Lakini anaelewa kila kitu. Ukimkosea kwenye karata anakuonyesha. Tulitaka auze kiwanja kimoja tulipe hospitali na mtu wa mazoezi. Mwenyewe ndiye aliyekionyesha kiwanja kwenye picha, akakataa kile kingine kwa kichwa.

Wakili wa kwanza alimwambia "Mzee, taja jina lako." Akasema "ndizi". Basi, biashara ikaishia hapo. Wa pili hakumtazama hata usoni, aliongea na sisi tu kama vile baba ni begi tumelileta. Kiwanja hakikuuzika mpaka pesa ya mazoezi ikaisha, na wanaojua kiharusi wanajua miezi ya mwanzo ndiyo ya kuokoa mkono.

Nyie mnaogopa kugonga mhuri pasipostahili. Mwingine anaumia kwa kunyimwa.

#10 daktari_wa_zamu

#9 pole sana. Hiyo inaitwa afasia. Kiharusi kimepiga upande wa kushoto wa ubongo, kimechukua lugha, akili kimeiacha. Mtu wa hivyo haulizwi "taja", anapewa vitu achague: picha, ndiyo na hapana kwa kichwa, na swali lilelile unaligeuza uone kama jibu nalo linageuka. Inachukua muda. Ukiwa na foleni nje hutaiweza.

#11 mtetezi_wa_haki

Nimefurahi #9 kalileta. Tanzania imeridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu tangu 2009, na mwaka uliofuata tukatunga sheria yetu wenyewe, namba 9 ya 2010. Ibara ya 12 ya mkataba ule inasema mwenye ulemavu ana uwezo wa kisheria sawa na wengine, na serikali impatie msaada wa kuutumia. Yaani swali la kwanza la wakili lisiwe "anafaa?", liwe "anahitaji nini ili aelewe?" Mkalimani wa lugha ya alama, miwani, mtu wa kumsomea taratibu, chumba kisicho na kelele.

Nimeona mzee kaitwa mpungufu wa akili kwa sababu hasikii. Nimeona bibi kaulizwa kwa Kiswahili cha kitabuni wakati maisha yake yote kaongea Kinyaturu, na mkalimani akawa ni huyohuyo mjukuu anayepewa shamba.

#12 Mzee_wa_Mhuri

Hayo ya mkalimani mjukuu nakubali, huo ni uhuni. Lakini #11, mkataba wa Umoja wa Mataifa hauji nami kizimbani. Anayeulizwa na wakili wa upande wa pili ni mimi.

#13 mbeba_boksi_Leicester

Salaam kutoka baridini. Huku Uingereza kuna Sheria ya Uwezo wa Akili ya 2005 na imelinyoosha jambo hili kiasi. Kila mtu mzima anahesabiwa ana uwezo mpaka ithibitike hana. Uamuzi wa kijinga sio ushahidi wa kukosa akili. Halafu unaangalia mambo manne: anaelewa taarifa, anaishika kichwani muda wa kutosha, anaipima, anawasilisha uamuzi kwa njia yoyote, hata kwa kukonyeza. Baba wa #9 angepita.

Na huku watu wanajiandaa mapema. Ukiwa mzima unasaini hati ya uwakala ya kudumu, unamtaja atakayesimamia mali yako siku akili ikiondoka. Tena lazima awepo mtu wa tatu anayethibitisha kwamba unajua unachofanya na hulazimishwi: aidha anakufahamu kwa miaka isiyopungua miwili, au ni mtaalamu kama daktari au wakili. Mwanangu hawezi kujithibitishia mwenyewe. Nawashauri wenye wazazi wafanye hivyo huko nyumbani, mzee asaini uwakala sasa hivi akiwa mzima, baadaye hamtasumbuka na hayo ya dole gumba.

#14 Karani_wa_Masjala

#13 hapo mwisho nakukatisha kidogo, maana kuna mtu atakufuata aumie.

Kwa sheria yetu ya mikataba, uwakala unakoma mwenye mali anapofariki au anapopoteza akili timamu, isipokuwa pale wakala mwenyewe ana maslahi kwenye hiyo mali. Hati ya kawaida ya uwakala ya Bongo haiwi ya kudumu kama hiyo ya kwenu. Inakufa siku ileile mnayoihitaji. Watu wanaendelea kuitumia kwa sababu benki haijui, ardhi hawajui, na hakuna wa kwenda kuwaambia.

Njia iliyopo ni mahakama. Sheria ya Afya ya Akili ya 2008 inaruhusu ndugu aombe amri ya usimamizi wa mali ya mtu mwenye ugonjwa wa akili. Inaelezwa hali ya mgonjwa, inaorodheshwa mali, msimamizi anapewa masharti. Wengi hawaijui, na waliowahi kuisikia bado wanaiita kwa jina la ile sheria ya zamani ya Magonjwa ya Akili, ambayo ilishafutwa.

#15 mama_Chanika

Mahakamani? Mzee atakuwa ameshazikwa, mirathi imefunguliwa, na msimamizi wa mirathi kala.

#16 Karani_wa_Masjala

Mama, usitufanyie hivyo 😂 Zipo zinazoisha haraka.

#17 mama_Chanika

Nitajie moja.

#18 Shariff_wa_Mkunazini

Asalaam aleikum. Sisi huku Unguja jambo hili tunalitazama kwa mlango mwengine kabisa. Fiqhi, yaani elimu ya sharia ya Kiislamu, ina kitu kinaitwa maradhi ya mauti. Mtu akiwa katika maradhi yanayokhofiwa kuwa ndiyo ya kumuondoa, na kweli yakamuondoa, basi zawadi aliyoitoa humo huhesabiwa kama wasia. Haizidi thuluthi ya mali yake. Na akimpa mrithi, haipiti mpaka warithi wenziwe waridhie.

Skizeni faida yake. Hapana haja ya kumpima mzee akili. Akili zake zaweza kuwa kali kama wembe, lakini sharia inajua mtu aliyelala kitandani, kazungukwa na watu, si yule yule aliyekuwa barazani. Basi ikaweka mpaka kwenye mali badala ya kuweka mpaka kwenye kichwa. Wakili hapaswi kuwa tabibu hapo.

#19 Mzee_wa_Mhuri

Shariff #18 umenipa hoja ya mwaka. Ndiyo ninayoisema siku zote: msipime vichwa.

#20 Karani_wa_Masjala

Taratibu Mzee. Shariff anaongelea zawadi na wasia. Kijana #1 ana mauziano, na mnunuzi kaja na pesa. Kama bei ni ya kweli, hiyo thuluthi inaingilia wapi?

#21 Shariff_wa_Mkunazini

Kama bei ni ya kweli, biashara yao. Lakini nyumba ya milioni themanini ikiuzwa kumi na tano kwa mtoto wa dada, hiyo si biai (mauziano), hiyo ni zawadi iliyovaa kilemba. Wakili aitazame bei kwanza. Bei haina ugonjwa wa kusahau.

#22 mwanasheria_mchanga

Shariff umenishtua. Nimefungua nakala ya rasimu waliyotuachia. Bei iliyoandikwa, kwa eneo lile na nyumba yenye wapangaji, ni ndogo mno. Mnunuzi sijui kama ni ndugu, alikuwa kimya muda wote.

#23 Kiguu_na_njia

Mwenye mkoba siku zote anakuwa kimya. Anayeongea ni dalali.

#24 wa_Kilindini

Habari wadau, niko Mombasa. Kwetu Kenya kuhusu wosia, Sheria ya Urithi, Sura 160, kifungu cha 5 kinasema mtu anayeandika wosia anachukuliwa kuwa timamu, isipokuwa kama wakati huo hali yake ilikuwa ya kutojua anafanya nini, iwe ni kwa ugonjwa wa akili, wa mwili, ulevi ama sababu nyingine yoyote. Na mzigo wa kuthibitisha ni wa yule anayepinga. Ulevi umetajwa wazi kabisa, kwa hivyo musikubali kutia sahihi baada ya mechi.

Mahakama zetu pia hupenda ile kesi ya kale ya Uingereza ya 1870, Banks na Goodfellow. John Banks alikuwa amewahi kuwekwa hospitali ya wendawazimu. Aliamini kuna mtu anamwandama kila mahali, na mtu huyo alikuwa ashakufa. Aliamini mashetani. Lakini alipoandika wosia alijua mali yake ni gani na jamaa zake ni nani, akamuachia mpwa wake wa kike. Wosia ulisimama. Mashetani hayakuwa na uhusiano na nyumba.

Kwa hivyo mzee kusema anaenda kwa pensheni peke yake hakutoshi. Angeulizwa nyumba anauza ama hauzi.

#25 mwanasheria_mchanga

#24 niliuliza. Alisema anaijenga.

#26 wa_Kilindini

Sawa, hapo amemshinda hata Banks.

#27 Kiguu_na_njia

Nina swali la kitaalamu. Mke wangu ananilazimisha nisaini gari liwe jina lake. Naweza kudai sikuwa na akili timamu tangu siku ya ndoa?

#28 daktari_wa_zamu

Hiyo ni ya kudumu mkuu, haina dawa.

#29 bongo_Tampa

Niko Florida, mimi ni notari huku, sio wakili. Huku unotari ni kibali cha jimbo, hata muuza duka anaweza kuwa nacho. Na sheria ya Florida inamkataza notari kuthibitisha sahihi endapo inaonekana mtu huyo hana uwezo wa akili wa kuelewa hati ile na athari zake kwa wakati ule. Kwa hiyo Mzee wa Mhuri #3, kuna mahali imeandikwa kabisa, na aliyeandikiwa hana hata digrii ya sheria.

Ninavyofanya mimi: naingia hospitali au nyumba ya wazee, nasalimia, naomba ndugu watoke nje kidogo. Wakigoma kutoka, nimeshapata nusu ya jibu. Siulizi "unaelewa?" maana kila mtu duniani anajibu ndiyo. Namwambia "nieleze karatasi hii ni ya nini." Akisema "muulize binti yangu", nafunga mkoba. Nalipwa ya safari, narudi.

#30 Mzee_wa_Mhuri

#29 ahsante kwa taarifa. Hiyo ni Florida. Huko notari hana kazi nyingine. Sisi ndio hao hao mawakili, tuna wajibu kwa mteja. Na mteja wa kijana #1 ni nani? Aliyelipa ni mnunuzi. Mzee ni muuzaji tu. Mkianza kumhoji muuzaji wa upande wa pili mkiwa mmelipwa na mnunuzi, mnaingia kwenye mgongano mwingine.

#31 Karani_wa_Masjala

Hapo Mzee umegusa penyewe, na hakuna aliyelileta kabla yako. Wakili mmoja anaandika mkataba kwa mnunuzi, anamshuhudia muuzaji, na anapokea ada ya wote wawili. Halafu akiulizwa alimlinda nani, hajui.

Niongeze moja kwa vijana. Kwenye Sheria ya Mikataba kuna kifungu cha 11 na kuna cha 16. Mzee akionekana hakuwa na akili timamu, kwa kifungu cha 11 hapakuwa na mkataba tangu mwanzo, ni batili. Cha 16 ni cha ushawishi usiofaa: mtu anayeweza kumtawala mwenzake akatumia nafasi hiyo kupata faida isiyo ya haki. Na kinataja waziwazi mtu ambaye uwezo wake wa akili umeathirika, kwa muda au moja kwa moja, kwa sababu ya umri, ugonjwa au mateso ya mwili na moyo. Huyo mkataba wake upo, ila anaweza kuukataa. Mawakili wengi wanapigana vita ya kifungu cha 11, wanatafuta mtaalamu athibitishe wazimu, wakati jirani yake kuna kifungu ambacho hakihitaji mtu awe mwendawazimu. Mama Chanika #5 ndicho alichokuwa anakisema, bila namba.

#32 mama_Chanika

Namba sina, macho ninayo.

#33 kijana_wa_Igunga

Samahani kuuliza nje ya mada kidogo. Babu yangu anataka kuandika wosia, ana sukari na macho hayaoni vizuri, kusoma hajui. Nimeambiwa mashahidi wawili wanatosha. Ni kweli?

#34 mbeba_boksi_Leicester

Wawili wanatosha mkuu, kote ni hivyo.

#35 Karani_wa_Masjala

Hapana #34, sio kote. Kama babu anafuata mila, kuna Tangazo la Serikali namba 436 la 1963, zile sheria za mila. Anayejua kusoma na kuandika, wosia wake wa maandishi unashuhudiwa na watu wasiopungua wawili. Asiyejua, wasiopungua wanne. Wawe mchanganyiko, wa ukoo na wasio wa ukoo. Na babu awe na akili timamu, wosia wa mwenye hasira za ghafla au mgonjwa wa akili unaangushwa. Mkishamaliza, mnaweza kuuhifadhi RITA (wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini), msiuweke kabatini kwa mjomba.

Na kama ana sukari, sikiliza daktari #7: ashibe kwanza.

#36 kijana_wa_Igunga

Shukrani mkuu. Kabatini kwa mjomba ndipo tulipopanga 😅

#37 binti_wa_Pangani

Nimerudi. Daktari #10, nimemwonyesha baba ulichoandika. Alicheka. Kuhusu mawakili: tulipata mmoja baadaye, mama mtu mzima. Alifunga mlango akabaki na baba na muuguzi tu. Alichora viwanja viwili kwenye karatasi, akaweka noti juu ya kimoja, akamtazama. Baba akaihamisha noti kwenda kwenye kile kingine. Akarudia kwa kuvigeuza, baba akamhamishia tena, kwa hasira kidogo. Yule mama akaandika yote hayo nyuma ya nakala yake, na saa, na jina la muuguzi. Ndipo akafungua mhuri.

#38 mtetezi_wa_haki

Huyo mama apewe PhD.

#39 Mzee_wa_Mhuri

Huyo mama ana muda. Mimi nina pango la ofisi, na nje kuna vishoka wanagonga mhuri wa kuchonga Kariakoo kwa elfu tano. Ukiwa mkali, mteja hatafuti wakili mwenye saburi, anatafuta kishoka. Mzee atauza nyumba vilevile, ila sasa hata karatasi yenyewe ni feki.

#40 mama_Chanika

Kwa hiyo tugonge halali ili mwizi asigonge haramu?

#41 Mzee_wa_Mhuri

Sijasema hivyo mama. Nimesema jueni mteja anakokwenda akitoka mlangoni.

#42 mwanasheria_mchanga

Wakuu, mrejesho. Leo kaja binti mwingine wa yule mzee, anaishi Tabora, kasikia kwa mpangaji. Mauziano yamefanyika, ila sio kwa jirani yetu. Wamesainishana nyumbani mbele ya viongozi wa mtaa, na pesa ya kwanza imeshatoka. Anataka nimsaidie kuzuia. Nyumba haina hati, ina leseni ya makazi tu.

Bosi kasema faili nilishike mimi, maana "wewe ndiye daktari".

Nimeandika nilichokiona siku ile: pensheni, ukuta, feni, dole gumba. Sasa kuna wenzangu wananiambia siwezi kuwa wakili wake na shahidi wake kwenye kesi hiyohiyo.

#43 Karani_wa_Masjala

Wanakwambia kweli. Chagua moja, na kwa maoni yangu wewe una thamani zaidi kama shahidi. Mpe wakili mwingine faili. Zuio lipelekwe huko inakosajiliwa leseni mapema, mnunuzi asiwahi kuhamisha jina. Na mzee apelekwe kwa daktari wiki hii, barua iandikwe kama alivyosema #7.

#44 Mzee_wa_Mhuri

Mimi sikubaliani. Hakugonga mhuri, hakushuhudia hati yoyote, mteja kamrudisha yeye mwenyewe. Ni shahidi wa nini? Wa feni?

#45 Shariff_wa_Mkunazini

Wa bei, Mzee. Rasimu anayo mkononi.

#46 Kiguu_na_njia

Mzee wa Mhuri kapigwa na Zanzibar ugenini 😂 Mchanga, ukipangiwa tarehe tuambie mahakama gani, mimi nakuja kukaa nyuma.